Feni Iliyonipuliza Mimi Badala ya Lenzi

Nitawasimulia, lakini mkicheka mcheke polepole, kwa sababu nusu ya watu waliokuwepo siku ile bado nakutana nao sokoni hapa Voi, na hakuna siku nitanunua nyanya bila mtu kuniuliza, "Fundi, leo joto limezidi, feni iko wapi?" Mimi ni Wafula. Baba alikuja huku kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, nikazaliwa ndani ya hili joto, na kazi yangu ni kuchora mbao kwa mashine ya leza niliyoiunda mwenyewe. Nilijiaibisha mbele ya mwalimu wangu kwa sababu ya wivu. Haya, nimeshasema, sasa tuendelee.

Wivu wenyewe ulikuwa na jina, Wakesho. Tulisoma naye darasa moja kwenye chuo cha ufundi na mashine yetu ya kwanza tuliiunda pamoja kwa vyuma na mota za printa mbili kuukuu. Mwalimu wetu, Mwalimu Mwadime, alikuwa mtu mzuri sana ila alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimwuliza jambo lolote alijibu, "Muulize Wakesho." Waya umeungua, muulize Wakesho. Mota inarudi nyuma, muulize Wakesho. (Siku moja nilimwuliza kama kesho kuna masomo, na naapa alimtazama Wakesho kwanza.) Baada ya chuo Wakesho akarudi kwao Wundanyi akaunda mashine yake, mimi nikaunda yangu hapa, na watu wa huku chini wakaanza kupanda milima kwenda kuchorewa mbao kwake huku wakinipita mlangoni na kunisalimia. Hiyo salamu ndiyo ilikuwa inaniuma zaidi. Nikajiambia ni ile baridi ya kule inayomsaidia, kwamba hata hali ya hewa inampendelea.

Basi Mwalimu akawa anastaafu. Kwenye kundi la simu la wanafunzi wa zamani mtu akaandika tumpe ubao wa kumbukumbu, labda Wakesho atuchoree. Kabla ujumbe huo haujasomwa na watu watatu nilikuwa nimeshajibu, kwa herufi kubwa zote, NITACHORA MIMI. Nilitaka kitu kimoja tu, Mwalimu asimame mbele ya watu aseme mimi ni fundi. Siku moja tu ya kutajwa mimi na si yeye.

Sasa sikieni nilivyojimaliza. Mashine hizi zina diodi ya leza, kidude kinachotoa ule mwanga wa kuchoma, na diodi ndiyo roho yake. Mbele ya diodi kuna lenzi ndogo kama punje ya mahindi, na pembeni kuna kijifeni cha kufukuza moshi wa ubao usirudi kwenye lenzi. Siku niliyoanza kazi ile joto lilikuwa la kukausha mate mdomoni, nikakitazama kile kijifeni kinavyopulizia ubao usio na hata jasho, nikaona ni uonevu. Nikakifungua, nikakifunga ukingoni mwa meza, kikaanza kunipepea shingo. Nilisema ni kwa dakika tano. Hakikurudi tena, na baada ya siku mbili nilikuwa nimesahau kwamba kiliwahi kukaa mahali pengine.

Ubao ulikuwa wa saipresi, wenye utomvu mwingi, na moshi wake unanata. Herufi za kwanza zikatoka nyeusi na nzuri, za katikati zikatoka kahawia, halafu zikawa kama mtu ameandika kwa chai. Nikapima waya, nikapima adapta, nikabadilisha bodi, nikakaza kila skrubu niliyoiona. Lenzi sikuigusa (msiniulize kwa nini, nilikuwa na uhakika ni nzima, na huo uhakika sijui niliutoa wapi). Badala yake nikaongeza umeme ili leza ipate nguvu, na diodi ikafa. Diodi ya namna hii ikifa haizimi, inaendelea kung'aa vizuri tu ila haichomi chochote, kwa hiyo unakaa hapo unaiangalia ukidhani bado mko pamoja. Nikaweka ya pili. Ikafa vilevile.

Na hizo diodi nilizipata kwa nani? Kwa Wakesho. Alikuwa ameagiza za kwake akanigawia tatu, bila hata kuombwa mara mbili. Ndipo wazo likanijia: mbona zake hazifi? Huyu amejibakizia nzima akanipa mbovu, asije akashindwa na mimi. Lilikuwa wazo tamu, siwafichi, nilikaa siku nzima nikilitafuna kama muwa. Mtu mwenye akili angempigia simu amwulize, lakini mimi hata jina lake kwenye simu sikutaka kulibonyeza.

Siku ya sherehe ubao ulikuwa umeishia "ASANTE MWALIMU MWA". Nikafunga ile diodi ya tatu, nikabeba mashine mpaka chuoni, nikamwambia emsii nitaumalizia mbele ya wageni, iwe kama maonyesho. Emsii akafurahi kupita kiasi. "Wazazi, wageni wetu, mnaona hii mashine? Imeundwa na huyu huyu fundi, hapa hapa Voi! Mpigieni makofi ya kilo!" Wakapiga. Mwalimu Mwadime akasogeza kiti mbele na kuvaa miwani. Joto chini ya lile hema msiulize, nikafunga kijifeni changu ukingoni mwa meza, nikakigeuzia shingoni, nikafunika mashine na kifuniko chake, nikawasha.

Leza ikang'aa, ikapita juu ya ubao taratibu, na haikuacha hata alama. Nikaongeza umeme. Hakuna. Nikaongeza tena, na sasa hata ule mng'ao ukanywea. Emsii akaniletea maiki, nadhani kwa huruma, niseme maneno mawili ya kupoza watu. Nami nikaichukua, nikamwona Wakesho mstari wa pili ametulia na mkoba wake magotini, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Samahanini, si makosa yangu. Diodi nilipewa na Wakesho, na alinipea zile zimekufa. Zake mbona haziungui?"

Wakesho akasema, "Wafula, ni mimi unasema hivyo?" Akainuka, akaja, akachomoa waya wa umeme, akashika chuma cha mashine kwanza kumwaga umeme wa mwilini, kama tulivyofundishwa, akaifungua lenzi. Akaomba pamba na spiriti kutoka sanduku la huduma ya kwanza. Alipopanguza, pamba ikatoka nyeusi tititi, akaiinua juu.

"Moshi wote umekaa hapa. Mwanga unazuiwa, wewe unaongeza umeme, diodi inajichoma. Kwani feni yako ya moshi iko wapi?"

Maiki ilikuwa bado karibu na shingo yangu, na kwenye spika zote mbili kikasikika kitu kinanguruma, vuuuu. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Si ndiyo ile inampepea!" Hema zima likaangua kicheko. Emsii alikaa chini kabisa. Hata wapishi waliokuwa wanapakua kimanga waliacha miko wakaja kuangalia.

Wakesho hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa kipakiti kidogo cha rangi ya fedha, akasema kwa sauti ya chini, "Nilisikia zako zinaungua. Nilikuwa nikupe baadaye, tukiwa wawili." Ilikuwa diodi mpya. Afadhali angenizaba kofi. Akaifunga, akarudisha feni mahali pake, na mashine ikamalizia jina la Mwalimu bila hata kusitasita. Alipopewa maiki akasema, "Hii ni kazi ya Wafula, mimi nimepanguza tu," na watu wakampigia yeye makofi mpaka nguzo za hema zikatikisika. Nami nilipiga, huku moyo unaniuma.

Mwalimu akapapasa zile herufi kwa kidole, akaniita karibu. "Herufi zako ni nzuri, Wafula. Lakini fundi anayemlaumu mwenzake kabla hajafungua mashine, huyo si mimi niliyemfundisha." Alisema kwa upole, na ndiyo maana mpaka leo sijapata pa kuyaweka maneno yale.

Wiki iliyofuata nilipanda Wundanyi kuomba msamaha. Nilimwambia wazi, "Nilikuonea wivu." Akacheka sana, akasema anajua tangu tukiwa chuo, na kwamba hata yeye hunionea wivu, maana mimi niko barabarani na wateja wananiona, yeye yuko kule juu na ukungu. Nilisikitika kama inavyotakiwa, lakini ndani nilifurahi, tena sana.

Sasa napanguza lenzi kila asubuhi, na nimeapa sitamtaja mtu kwa ubaya kabla sijafungua mashine yangu nikaangalia. Kuhusu wivu sijaapa chochote, kwa sababu juzi nimesikia Wakesho ameunda mashine mpya kubwa kuliko ile, na tangu hapo sijala vizuri.