Nilificha bastola ya Mwingereza kwenye gunia la dagaa la mama wa watu

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, Zambia. Nayaandika haya kama yalivyonipata, na aibu yangu siifichi.

Mimi ni Mbongo, nanunua samaki Ziwa Mweru. Ugonjwa wangu ni bastola za zamani za jeshi la Waingereza. Nyumbani ninazo mbili, zote na kibali. Wife anaziita vyuma chakavu.

Mwaka jana mzee mmoja wa kijiji cha Mununga akaniuzia ya babu yake. Inakunjuka katikati, kitakoni kuna pete ya kamba, ubavuni mhuri wa mshale wa serikali ya Uingereza. Original kabisa, ila karatasi hakuna hata moja.

Akili iliniambia nianzie polisi. Tamaa ikasema nitaomba kibali nikifika mjini Mansa.

Basi nikafanya ushenzi. Kwenye lori la kwenda Mansa nilikuwa na Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, mama wa kanisa anayeuza chisense, dagaa wa huku. Kila mchuuzi hufunga gunia kwa kitambaa chake. Chekundu cha huyu mama askari wote wanakijua, hawamsumbui. Aliposhuka kununua maji nikafungua gunia lake, nikaizamisha bastola, nikafunga tena.

Kwenye kizuizi cha barabarani tukakuta askari mgeni. Ana nondo nyembamba, anachoma magunia kutafuta samaki wachanga waliokatazwa. La kwanza sawa. La pili sawa.

La kitambaa chekundu likalia chuma.

"Gunia hii iko ya nani?"

"Iko yangu, ba ofisa. Iko chisense tu," Bana Chanda akajibu huku anatabasamu.

Mkono ukaingia, ukatoka na bastola. Mama wa watu akakaa chini mavumbini, akaanza kusali.

Wakuu, mdomo ulikataa. Nilikuwa naona jela tu. Walishamfunga pingu ndipo nikasema ni yangu.

Bastola ikachukuliwa, nami nikawekwa ndani. Siku ya pili Bana Chanda akaniletea ugali. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mutoto yangu, kama bangenipeleka jela mbio-mbio, ungesema?"

Nikamjibu ndiyo. Akanitazama, akachukua sahani yake akaondoka.

Ukweli ni kwamba sijui.

Nilichojifunza: antique isiyo na karatasi iache ilipo, hata ikikulilia. Nisemeni mtakavyo, ila nijibuni kwanza. Pingu zikiwa mikononi mwa mwingine, nyie mngefungua mdomo saa ngapi?