Kiti cha Yaya

Mutoto wangu alinivalisha miwani yake ya kompyuta, ile inayokuonyesha kama uko pahali pengine, nikajikuta nimeketi kwenye gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, katika bustani ya michezo isiyo na mutu. Dirishani mwa nyumba yetu ikaingia harufu ya chisense, samaki wadogo walioanikwa, nikarudi utotoni, muchangani Nchelenge, kando ya ziwa.

Tulikuwa tunalinda samaki wa mama. Yaya, dada yangu mukubwa, alichora gurudumu kama lile kwenye muchanga, tukaketi ndani yake.

"Funga macho, tunapanda," Yaya akasema.

Tulipofumbua, kunguru walikuwa wamekula karibu samaki wote. Yaya akajitwika kosa peke yake. Mama akamupeleka akaishi kwa nkambo, bibi yetu, ng'ambo ya ziwa. Kisha vita ikaanza kule. Mashua zilileta watu wengi, yeye hakuwemo.

"Mama, mbona unajibana pembeni?" mutoto wangu akaniuliza. "Kiti chote ni chako."