Shuka Niliyoifungia Ngiri

Ilikuwa 1995, nikiwa na miaka arobaini na mitano, ngiri iliponitokea kinenani, na aibu iliyofuata naieleza mwenyewe kabla majirani zangu wa Garissa hawajaitia chumvi.

Nilikuwa dalali wa ngamia (shule niliiona kwa nje tu, nikipitisha mbuzi), na dalali akijulikana mgonjwa hapewi mnyama wa kuuza. Daktari aliniambia njia ni mbili: hapa hospitalini wanipasue na kushona, au Nairobi wanitoboe matundu madogo, waingize kamera, nipone upesi ila kwa gharama kubwa. Nikasema mimi ni mtu wa kamera, nitauza ngamia kwanza ndipo niende. Siku ya soko nikaikaza ngiri kwa shuka yangu ya begani, nikavaa kikoi juu yake, nikatoka nikitembea kama mkuu wa wilaya.

Sasa, kwetu bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo, mnashikana vidole chini ya shuka, watu wasijue. Mnunuzi wangu, Haji Nur wa Liboi, akanyoosha mkono.

"Warya, wewe bwana, shuka yako iko wapi?"

Nyuma yake dalali mwingine alikuwa tayari anavua ya kwake amwite Haji, basi mimi (akili nyingi hiyo!) nikaingiza mkono kiunoni nivute pindo tu, pindo dogo tu, likaja na fundo, fundo likaja na kikoi, na ngiri ikashuka mbele ya soko zima.

"Subhanallah!" Haji akanirushia kilemba chake. Maumivu yakanikunja, nikapelekwa hospitali kwa mkokoteni wa maji.

"Utumbo umenasa, tunapasua sasa hivi," daktari akasema.

"Na ile kamera?"

"Kamera ya nini, mzee? Soko zima limeshakuona."

Nikapasuliwa, nikapona. Binamu yangu baadaye alitobolewa Nairobi, akarudi kazini mapema kunishinda, lakini leo sote tunabeba gunia.

Nilijua udalali umekwisha. Kumbe wale wale walionicheka wakaanza kuja nyumbani kimya kimya, "Adeer, ami yangu, iliuma sana? Hebu nione kovu," kila mtu na ngiri yake aliyoificha miaka, nami nawapeleka hospitali, na wakishapona wananiletea ngamia wao niwauzie.

Ngiri haifungwi, inapelekwa kwa daktari. Leo nina ngamia wangu mwenyewe, duka la nafaka, nyumba ya mawe, kisima, na kovu refu ambalo mwenye haja ataonyeshwa nyumbani, si sokoni.