Damu Haina Miguu ya Kwenda Dukani

Jumamosi nilikuwa dukani Manundu nikingoja kupimiwa sukari, akaingia binti wa darasa la tatu hivi. "Shikamoo. Baba anataka sigara moja. Kasema uiwashe hapahapa, nyumbani kiberiti kimekwisha."

Muuza duka akaiwasha, akampa. Mlangoni mtoto aliupa upepo mgongo, akapiga pafu, akakohoa.

"Mwanangu, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Isizimike, mwalimu. Ikizimika ananirudisha."

Nikaongozana naye hadi nyumbani. Baba yake, fundi pikipiki, alinisikiliza huku akivuta, kisha akacheka. "Mwalimu, hiyo ni damu. Babu alivuta tangu enzi za kukata mkonge, mzee wangu naye akavuta. Huyu atakwepea wapi?"

"Na wewe ulianzaje?"

Alifikiri kidogo. "Mzee alikuwa ananituma jikoni nikamwashie kwenye kaa la moto."

Akamtazama binti yake. Nikadhani ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Wataalamu wanasema urithi una sehemu yake katika uvutaji, nami siwabishii. Lakini damu haina miguu ya kwenda dukani. Miguu ni ya watoto, na wanaowatuma ni sisi.

Sigara ilipokwisha, alikikanyaga kipande, akamwambia binti yake, "Mama, hebu kimbia ulete nyingine."

Mtoto alirudi uso umemchangamka, moshi ukimtoka puani. "Baba, leo haijazimika hata kidogo!"

"Hongera, mama," akajibu baba yake.