Aliyekaa Mlangoni kwa Siwema

Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea. Hata shemeji zangu wanaokula ugali wangu hunicheka. Lakini hili nililiona kwa macho yangu, tena si usiku, ilikuwa saa nane mchana na jua la Mtwara linawaka.

Mke wangu Siwema aliugua, chembe nyeupe za damu zikamwishia. Daktari alitueleza taratibu: kinga ya mwili wake ilikuwa imegeuka, badala ya kumlinda inazila chembe zake yenyewe. Ndipo akampa dawa mbili kwa pamoja, vidonge vya kuituliza hiyo kinga, na sindano ya kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe mpya. Akaniambia, mpaka chembe zipande, hata mafua ya mtu mmoja yanaweza kumuua. Wageni marufuku.

Wageni marufuku? Nyie mnatujua watu wa kusini. Mgonjwa asipotembelewa, anayemuuguza ndiye anayeitwa mchawi. Tulikuwa tumetoka kwetu Kitaya, tumepanga chumba mjini karibu na hospitali, na bado simu za wakwe hazikuisha. Nikisema msije, wanaona nimemficha mtoto wao. Na mkwe utamfukuza kwa mdomo gani? Niliogopa, siwafichi.

Siku hiyo nilikwenda kufuata sindano, nikarudi nayo ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Siwema nilimwacha kitandani, hata kichwa hawezi kuinua. Njiani nikakutana na wakwe zangu wanaelekea stendi, kundi zima, mama mkwe mbele, anakohoa na kupenga kamasi kwenye kanga. Nikajua wameshamkumbatia, basi tena. Kumbe mama mkwe anacheka.

"Baba, mwanangu kapona," akaniambia. "Tumemkuta kakaa mlangoni, uso unang'aa. Katuzuia kuingia. Kasema twende nyumbani, atakuja mwenyewe kutusalimia."

Nilikimbia.

Mlangoni, kwenye mkeka, alikuwa amekaa Siwema. Niaminini. Siwema wa siku ile namuoa, mashavu yamejaa, kajifunga kanga mpaka kifuani. Akanitazama kama anavyonitazama nikichelewa kurudi kutoka shambani.

"Nawa kwanza," akasema.

Nikanawa kwenye ndoo kwa sabuni, mpaka viwikoni. Nani angebisha? Nikampita, nikasikia harufu ya mafuta yake ya nazi. Ndani, chini ya chandarua, Siwema amelala, mbavu zimemtoka. Nikageuka. Yule bado yupo mlangoni, kanipa mgongo, anaangalia njia. Mwili wote ulinisisimka, machozi yakanitoka, na haikuwa hofu. Sijapata kuona kitu kikubwa namna ile, na sijui kama nilistahili kukiona. Wa kitandani akaomba maji. Nilipomaliza kumnywesha, mkekani hapakuwa na mtu.

Siwema hakukumbuka lolote. Alilalamika tu kwamba kiuno kinamuuma, kama mtu aliyekaa kutwa.

Kesho yake mama mkwe akaanguka kitandani kwa mafua makali, na wenzake wakafuata mmoja mmoja. Fikirini wangeingia mle ndani. Chembe za Siwema zilipanda polepole. Daktari anasema ni zile dawa mbili zilivyosaidiana, nami sibishi, bila hizo ningeshamzika. Lakini nani aliwazuia wakwe?

Sasa tuko Kitaya, Siwema analima mihogo kuliko mimi. Nikimwambia mama mkwe kwamba siku ile mwanawe hakutoka kitandani, anakasirika. Anasema kamzaa mwenyewe, hawezi kukosa kumtambua. Nimeacha kubisha, maana hata mimi nilimjua.

Basi wewe unayependa kwenda kumjulia hali mgonjwa na kikohozi chako, ukimkuta mtu mlangoni akakwambia rudi, rudi. Usimuulize yeye ni nani. Huyo unayemwona amekaa pale huenda ndiye mgonjwa mwenyewe, anaulinda uhai wake.