Kivuli cha Dafrosa

Dafrosa alipoteuliwa kuwa waziri kivuli wa maji, mama mkwe wake aliuliza swali moja tu: kama wewe ni kivuli, mwenyewe yuko wapi? Dafrosa akamjibu kwamba mwenyewe yuko Dodoma, anakunywa maji ya chupa.

Baraza hilo la vivuli lilikuwa la Method, mwenyekiti wa chama cha upinzani pale Majimoto. Alisikia redioni kwamba kiongozi wa upinzani bungeni huwa na mawaziri wake wa kuwafuatilia wale wa serikali, naye akaunda wa kwake, watu saba, wakikutana kwenye benchi la mbele la mgahawa wa Dafrosa. Kuteua alijua. Kutulia ndiko kulikomshinda, maana kila akinuna, anapangua. Polycarpe wa bodaboda alikuwa ameshapita wizara nne bila kujua hata moja inahusu nini.

Dafrosa, maskini, aliichukulia kazi kwa uzito. Kila asubuhi kabla ya kuinjika sufuria alizunguka visimani na daftari, akaandika: cha sokoni kimekufa tangu Februari, cha mnadani kinatoa matope. Roho ilimuuma kweli. Mji una maji hata kwenye jina, halafu wanawake wanapanga ndoo tangu alfajiri! Mhandisi wa wilaya alikuwa anakuja Ijumaa, na Method alishaamua kwamba kila waziri atasema la wizara yake tu.

Jumatano Method alikuta vipande viwili tu vya nyama kwenye sahani yake. Alhamisi akapangua baraza. Maji yakaenda kwa Polycarpe, Dafrosa akapewa michezo. Alilia kidogo jikoni, akasingizia moshi.

Ijumaa mhandisi akauliza visima vibovu ni vingapi. Polycarpe akasimama, akavuta koti, akasema mchakato unaendelea. Watu wakaguna. Dafrosa akanyoosha mkono, na Method akamkumbusha abaki kwenye wizara yake.

"Nabaki humo humo, mwenyekiti," alisema. "Timu yetu ya wasichana haijafanya mazoezi tangu Februari. Wachezaji wote wako kwenye foleni ya maji."

Kisha akafungua daftari, akasoma kisima kimoja baada ya kingine, na nani anakosa mazoezi kwa sababu ya kipi. Mhandisi akawa anaandika tu.

Wiki tatu baadaye kisima cha sokoni kilitoa maji. Siku hiyo hiyo Method akamfuta Dafrosa kwenye baraza lote, kwa kuingilia wizara za wenzake. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mama mkwe akamngoja mlangoni, akamuuliza, sasa kivuli kimeondolewa, mwenyewe yuko wapi?

"Huyu hapa, mama," alisema Dafrosa, ndoo imejaa kichwani. "Nitue kwanza."