Redio Ndogo Aliyoiomba Mamangu

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, mwanangu, hata leo naona haya. Ilinirudia juzi uliponipigia simu kutoka Doha ukiwa umesimama dukani. Ulinionyesha ile televisheni pana kama mlango wa uani, na spika zake zimepangwa chini, ukaniuliza, "Shangazi, niwatumie wazee hii ama ile ya pili?" Nikakwambia ngoja kwanza, usilipe. Ukacheka, ukadhani shangazi yako ameogopa ukubwa wake. Sikuogopa. Nilikuwa nimekumbuka duka jingine, la Maskati, na mimi ndani yake, msichana wa miaka ishirini na sita aliyejiona ameshafika.

Nikueleze nilikuwa nani wakati huo, maana wewe ulikuwa hujazaliwa. Kabla ya kusafiri nilikuwa nikitandika vyumba katika hoteli moja hapo Diani. Kila chumba kilikuwa na televisheni, na kila siku nilizipangusa vumbi bila kupata nafasi ya kukaa nikatazama. Ndoa yangu ilipovunjika nilibaki na binti yangu, huyu dada yako Mwanaidi, hajatimiza hata miaka miwili. Nikapata kazi ya nyumbani Oman. Mtoto nikamwacha hapa Mwabungo kwa mamangu, bibi yako, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nyumba niliyopata ilikuwa ya watu wema, na si kila aliyekwenda alipata hivyo, hilo nalo ulijue. Mwenye nyumba alikuwa akiishi na mama yake mzazi, Bi Zuwena, aliyezaliwa na kukulia Unguja. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Asubuhi nilimpelekea chai nikimwambia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye aliitikia marahaba kwa sauti ya furaha, kisha ananiuliza habari za kwetu moja baada ya moja, mpaka chai inapoa.

Mwaka ulipokaribia kwisha ikaja barua kutoka nyumbani. Mamangu hakujua kuandika, aliandikiwa na mwalimu wa madrasa. Baada ya salamu alisema hivi: "Mwanaidi ameanza kusema maneno mengi. Tafadhali tuletee redio ndogo ya kaseti, ya betri, ile inayonasa sauti. Utie maneno yako humo, mtoto akuzoee. Vingine tunavyo."

Niliisoma ile barua nikaona aibu. Redio ndogo! Watu wa kwetu walikuwa bado wanamsimulia jirani mmoja aliyerudi kutoka Jeddah na mtambo wa muziki ulioshushwa garini na wanaume wawili. Mimi nipeleke kiredio cha kushika mkononi? Nikajisemea kwamba mama ni mtu wa zamani, hajui vitu vizuri, akishaviona atafurahi. Sikiliza kiburi hicho, mwanangu. Nilijifanya najua kitakachomfurahisha mamangu kuliko anavyojua mwenyewe.

Bi Zuwena aliposikia naenda kununua vyombo akasema atanisindikiza. Muuzaji akatuwashia televisheni ya kioo kikubwa, na deki yake ya video, na redio yenye spika mbili zilizonifika kiunoni. Akafungua sauti mpaka nikaisikia kifuani. Nilisimama pale nimeduwaa, naona uso wa kila jirani atakayeingia kwetu.

Bi Zuwena akamwomba muuzaji azime, kisha akanigeukia.

"Kwenu umeme upo?"

"Bado, Bi Mkubwa. Lakini nguzo zimeshafika barabarani."

"Nani atakayevitumia vitu hivi?"

"Mamangu na mtoto."

"Na mamako kaomba nini?"

Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nami nimeubana kwapani. Ningeweza kuitoa nikamsomea. Nikasema, "Amesema nichague mwenyewe."

Alinitazama kidogo, akafunga vizuri shela yake. "Haya. Mwenye mama ni wewe."

Basi nikanunua vile vikubwa, vikafungwa, vikapelekwa kwa meli hadi Mombasa. Redio ya kunasa sauti sikuinunua. Nilijiambia mtoto ataelewa akikua.

Mwaka mwingine ukapita, mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani kwa likizo. Safari nzima nilikuwa nawaza jinsi Mwanaidi atakavyonirukia. Nilipoingia uani nilimkuta anachezea vifuu, amerefuka, ana macho yangu haya haya. Nikapiga magoti nikamfungulia mikono. Alinitazama, akakimbia akajificha nyuma ya mamangu, akashika leso yake kwa mikono miwili. Nikaona ni haya za mtoto, zitakwisha. Siku ya tatu, nikiwa ndani, nikamsikia akimwuliza mamangu huko jikoni, "Mama, huyu mgeni ataondoka lini?"

Yule aliyemwita mama alikuwa bibi yake. Mgeni alikuwa mimi.

Nilitoka chumbani nikakaa sebuleni peke yangu. Ndipo nikaitazama vizuri ile mali yangu. Televisheni ilikuwa bado imevikwa nailoni yake, na juu mama ameitandika kitambaa cha kufuma. Spika moja imewekewa taa ya chemni, ya pili imewekewa kapu la nguo za kupiga pasi. Nguzo za umeme zilikuwa zimesimama pale pale barabarani nilipoziacha.

Mama akaja akaketi karibu yangu. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

"Mwanangu," akasema, "watu walikuja kuitazama, wakakusifu, nami nikashukuru. Lakini mimi niliomba sauti yako, ukaniletea kabati."

Nililia, mwanangu. Nililia mpaka Mwanaidi akaja kuchungulia mlangoni kuona mgeni ana nini.

Ningeweza kubaki, lakini kazi hapa haikuwepo na mtoto alihitaji shule. Nikarudi Maskati kwa mkataba wa pili. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea Bi Zuwena chai, na kabla hajauliza habari nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa dukani.

Akanywa chai yake. Kisha akasema, "Nilijua. Mtu aliyeambiwa achague mwenyewe hashiki mkoba wake vile." Akaweka kikombe chini. "Ulimnunulia nani ile televisheni?"

"Majirani, Bi Mkubwa."

"Afadhali umesema. Ijumaa tutakwenda tena dukani, na safari hii nitakufunza kununua."

Na kweli alinifunza. Alinifanya nifumbe macho nisikilize redio moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini, kwa sababu, alisema, kila chombo ni kizuri kikipigwa kwa nguvu. Hakutaka muziki. Alitaka msomaji habari, akaniuliza kama nasikia kila neno. Alinibonyezesha vitufe kwa kidole gumba, kwa kuwa vidole vya mamangu vilikuwa vimeanza kukakamaa. Akaniuliza betri za aina ile zinapatikana Ukunda, na kaseti je, na ikiharibika yuko fundi anayeijua? Redio nilizoshindwa kumjibu habari zake tuliziacha. Tulitoka na redio mbili ndogo za namna moja, moja ya kwetu Mwabungo na moja yangu, nisikilize majibu.

Jumamosi mchana, wengine nyumbani wamelala, nikaiweka ile yangu juu ya meza ya jikoni nikabonyeza. Nikasema, "Mwanaidi, mwanangu, hujambo?" Nikakwama. Utepe ukawa unazunguka. Ningemwambia nini mtoto asiyenijua? Bi Zuwena alikuwa ameketi pale na tasbihi yake. Akaninong'oneza, "Mwambie unachofanya. Watoto hawataki hotuba."

Nikamwambia nakata vitunguu na macho yananiwasha. Nikamsikilizisha kisu kinavyogonga ubao. Nikamsimulia siku aliyozaliwa kule hospitali ya Msambweni, mvua ilivyonyesha, bibi yake alivyovuka uwanja na ndala moja, nyingine imebaki matopeni. Utepe ukajaa upande mmoja sijamaliza. Kaseti na ile redio ya pili nikampa mwanamke wa Galu, karibu na kwetu, aliyekuwa anarudi nyumbani.

Zikapita wiki nane bila jibu. Nilikwisha kukata tamaa pale kaseti ilipofika. Mwanzo kulikuwa na kuku tu, na mama akimhimiza, "Sema, sema." Kisha sauti ndogo, karibu sana na redio kiasi cha kunipasua sikio: "Mama wa redio, vitunguu vimeiva?"

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza mara nyingi mno. Bi Zuwena naye akaomba kuisikiliza, akajifuta macho kwa ncha ya shela.

Tukaenda hivyo miaka miwili, kaseti zikienda na kurudi kwa wasafiri. Nyingine zilipotea njiani. Nilimfundisha kuhesabu, akanifundisha nyimbo za shule. Aliniambia aliyemchokoza, na jino lililong'oka. Nilipomaliza mkataba sikumwambia mtu tarehe ya kurudi. Nilishuka barabarani nikaingia uani wakati wa alasiri. Mwanaidi alikuwa amenipa mgongo, anaanika nguo. Nikasema, "Hodi hapa."

Hakugeuka kwanza. Alisimama, nguo mkononi, kama anayetafuta sauti ile ameisikia wapi. Kisha akaitupa ile nguo mchangani akaja mbio, na safari hii sikuhitaji kupiga magoti wala kumbembeleza.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo. Kwa muda mrefu alipougua usiku alimwita bibi yake kwanza, na nilijifunza kulikubali hilo. Ama ile televisheni, umeme ulipofika hatimaye tuliiwasha watu wote wamekaa tayari. Ikaunguruma, ikatoa mstari mmoja mweupe katikati, ikazima. Fundi aliifungua akatuonyesha vyuma vya ndani vilivyoliwa na chumvi ya bahari. Mamangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kununua. Umefanya kazi kwa jasho lako, na wazazi wako wanastahili kitu kizuri. Ninachokuomba ni uwapigie simu kabla ya kulipa, uwaulize wanataka nini, na wakikujibu uwaamini. Babako miaka yote ile aliyokaa na injini za boti za kupeleka watalii kisiwani Chale imemchosha masikio. Muziki unaotikisa kuta utamtesa. Anahitaji spika inayotamka maneno wazi, asikie taarifa ya habari na mawaidha bila kumwuliza mamako kila dakika, "Wamesema nini?" Na sebule yao unaijua. Kioo kikubwa namna ile watakitazama wakiwa wamebanwa ukutani, na jua la jioni linaingia dirisha lile lile. Uliza kama dhamana ya duka inafanya kazi hadi hapa kwetu. Pamoja na televisheni tuma kile chombo cha kuilinda umeme unaporukaruka. Chagua rimoti yenye vitufe vichache na vikubwa.

Zaidi ya yote, hakikisha inaunganishwa na simu, ili wakuone wewe kwenye hicho kioo. Kisha uwapigie. Usingoje uwe na jambo kubwa la kusema. Waonyeshe unachopika, chumba chako, viatu vyako vya kazini. Ukifanya hivyo, hata televisheni ndogo itawatosha, na siku utakayorudi hutakuwa mgeni wa mtu.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, azibariki pesa zako na mikono inayozitafuta, akupe wepesi wa kusikiliza kabla ya kutoa, na akurudishe kwetu salama, wazee wako wakiwa hai na wenye afya, wakutambue tangu mlangoni. Amin.